Kilo za Mke wa Orest

Uongo wenyewe ulimtoka Orest kwenye simu, tena bila hata kuupanga. Mama anayeuza trela, lile la kulala safarini linalovutwa na gari, alimuuliza, "Mko wangapi kwenu?" na yeye, mwanaume wa miaka hamsini na tisa anayekula chakula cha jioni amesimama kwenye sinki, akajibu, "Wanne. Mimi, mke wangu na watoto wawili." Halafu akaona bado haijanoga, akaongeza, "Na mbwa."

Hakuna mke. Hajawahi kuwepo. Mbwa ndiyo kabisa.

Sasa kabla hujamcheka, sikia kwanza trela alilitakia nini. Kila Agosti, watu wa ghala la nafaka anakofanya kazi wanahamia ziwani wote, na wake zao, na wajukuu, wanapanga matrela yao chini ya miti, wiki nzima. Orest anaenda na hema. Mchana hana shida. Wanavua samaki, wanachoma soseji, wanamtania na yeye anawatania. Shida ni mvua. Mvua ikishuka pale, kila mtu anakimbilia kwenye trela lenye meza kubwa. Karata zinatoka, kahawa inawekwa, na vicheko unavisikia mpaka majini.

Hakuna anayekimbilia kwenye hema.

Mwaka jana alilala chali siku mbili nzima, turubai linadundwa juu ya pua yake, anawasikiliza wakicheka watu ambao amepima nao malori ya ngano miaka kumi na tisa. Hakuna aliyemfukuza, usije ukadhani. Hakuna tu aliyemkumbuka. Angeweza kwenda kugonga, kweli. Lakini kugonga mlango ukiwa umelowa chepechepe, na mvi zote hizo, uulize kama kuna nafasi? Alishindwa.

Ndiyo maana alipoona picha ya trela la mita tisa, na ndani meza ya watu sita pembeni ya dirisha, alipiga simu hapo hapo. Alitaka mvua ikinyesha wakimbilie kwake.

Jumamosi akaenda. Ni shamba nje kidogo ya mji wa Saskatoon, Kanada, trela limekaa uani jeupe kama jino. Mwenye kuuza alikuwa Gerda Wiebe, mama mwenye mikono ya mtu aliyebeba ndoo maisha yake yote. Mumewe Abe alikaa kwenye ngazi anatafuna mbegu za alizeti, maganda anatemea kwenye kopo.

"Familia iko wapi?" Gerda akauliza.

"Nyumbani. Wana kazi."

"Watoto wana kazi?"

"Za shule."

"Julai hii, shule zimefungwa," Abe akasema, akatema ganda.

Orest akajifanya hajasikia. Akatoa simu, akaonyesha alichokisoma. "Nimeshaangalia, mama. Pikapu yangu inavuta kilo elfu nne na mia mbili. Trela lako likijaa halizidi elfu tatu. Hapo nabakiza."

"Kuvuta linavutwa," Gerda akasema. "Hata mimi namvuta huyu kanisani kila Jumapili. Nakuuliza kubeba."

Akafungua mlango wa dereva wa pikapu, akamwonyesha ile stika ndogo iliyobandikwa kwenye fremu. "Soma."

Orest akainama. Yaani mtu huyu anapima malori kutwa nzima, yakiwa yamejaa na yakiwa matupu, lakini mlango wa gari lake mwenyewe hajawahi kuuinamia. Akasoma kwa sauti: watu na mizigo kwa pamoja visizidi kilo mia sita na themanini.

"Trela halikufuati tu nyuma kama mbuzi," Gerda akamwambia. "Pua yake inalalia gari lako. Hili likijaa, zinakulalia kilo mia tatu na themanini. Hizo unabeba, sio unavuta. Na vyuma vya kufungia, arobaini."

Nyuma ya pikapu kulikuwa na vumbi la barabara. Gerda akaanza kuandika kwa kidole humo humo kilo zinazobaki. 260.

"Boksi hili la chuma?"

"La vifaa. Limechomelewa, halitoki."

"Mia." Akafuta kwa kiganja, akaandika 160. "Wewe mwenyewe?"

"Mia."

"Mia na ngapi?" Abe akauliza kule kwenye ngazi.

"Mia na nne."

"Na buti au bila buti?"

"Abe, nyamaza." Gerda akaandika 56. "Haya. Mkeo?"

Orest akaangalia juu. Hajawahi kufikiria mke ana kilo ngapi. Lori la ngano angelikadiria kwa jicho asikosee gunia moja, ila mke? "Sitini na nane," akasema.

"Watoto?"

"Mkubwa arobaini na tano. Mdogo thelathini na nane."

"Mbwa?"

"Thelathini."

"Mbwa gani?" Abe akadakia.

"Wa kahawia."

"Aina nzuri hiyo."

Gerda akaziandika zote pembeni, akajumlisha. Familia ilikuwa kilo mia moja themanini na moja, na nafasi ni hamsini na sita. Akapangusa kidole kwenye suruali. "Pole bwana. Sikuuzii."

"Mama, hela ninayo."

"Sijakataa hela. Huyu hapa alinunua la kwanza akaangalia kuvuta tu, kama wewe. Nyuma ikakaa chini, mbele pakawa pepesi, usukani ukawa kama wa gari la kuchezea. Ukaja upepo wa pembeni, tukaenda mtaroni."

"Mtaro wenyewe ulikuwa na maua," Abe akasema.

"Mguu wake mpaka leo una vyuma. Siwezi kuuza kitu kikaue watoto wa watu."

Orest akaliangalia trela. Dirishani aliiona ile meza, na jua limelala juu yake. Mwaka mwingine tena chini ya turubai? Akasema haraka, "Mbwa anaweza kubaki. Jirani anampenda sana."

Gerda akamtoa mbwa. Bado hawatoshi.

"Na yule mkubwa hapendi ziwa. Atakaa kwa bibi yake."

Akamtoa mkubwa. Bado.

"Mdogo naye hawezi kwenda bila kaka yake. Watoto hao, unawajua."

Akamtoa mdogo. Na hapa ndipo pananishika mimi kila nikipafikia, kwa sababu Orest aliumia kweli. Wale watoto walikuwa na siku chache tu duniani, lakini kichwani tayari alishampa mkubwa miwani, mdogo pengo la jino. Sasa anawashusha kwenye gari mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja anayelalamika.

Akabaki mke. Sitini na nane kwenye nafasi ya hamsini na sita.

"Amepungua," Orest akasema.

"Lini?"

"Toka theluji iishe. Anatembea sana. Sasa hivi ana kama hamsini na sita hivi."

Abe akaacha kutafuna.

"Bwana Orest," Gerda akasema polepole, "mkeo amepungua kilo kumi na mbili toka tusimame hapa."

Akazunguka upande wa pili, akafungua mlango wa abiria. Kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea, kimepasuka, sponji limechungulia nje. Cha abiria kilikuwa kama kimetoka dukani leo. Mkanda wake unang'aa, haujashikwashikwa. Gari la miaka kumi na moja. Gerda aliangalia viti vile viwili, halafu akaurudisha mlango taratibu, kama wa chumba alimolala mgonjwa.

"Anaitwa nani?" akauliza.

Orest akafungua mdomo. Kilo alimpa, matembezi alimpa, jina alisahau kumpa.

"Hana jina," akasema. "Ni mimi tu."

Abe akaangalia ndani ya kopo lake.

"Abe, kaweke kahawa."

"Ipo jikoni."

"Kaiweke tena."

Abe akaondoka anachechemea. Gerda akazifuta kilo za mke, ile 56 akaiacha. "Peke yako unaliweza," akasema, na alisema kama mtu anayesoma stika, bila huruma ya kukuumiza. "Tenki la maji usilijaze huku, utajazia kule kule. Sasa niambie. Trela lote hili, mtu mmoja, la nini?"

"Meza."

Hakumuuliza zaidi. "Meza ile tuliwahi kukaa watu tisa. Abe alikalia ndoo."

"Na hizi hamsini na sita?"

"Zako. Beba kuni, beba bia."

"Au mtu mwembamba," sauti ya Abe ikatoka dirisha la jikoni.

Wiki mbili baadaye Orest aliingia ziwani na trela lake. Njia nzima, saa nne, alijizoeza neno moja. Getini binti mmoja akauliza bila kuinua macho kwenye simu yake, "Mko wangapi?"

"Mmoja."

Binti akainua macho, akalitazama trela mpaka lilipoishia. "Na hilo lote?"

"Lina meza ya watu sita."

"Sijauliza meza, mzee. Nenda namba kumi na nne."

Wenzake wa kazini walikuja kuliona. Wakalizunguka, wakapiga matairi mateke, wakalisifia. Leland, fundi wa ghala, akaona namba kwenye vumbi nyuma ya pikapu. "Hamsini na sita ndiyo nini?"

"Nafasi iliyobaki," Orest akasema.

Leland akaitikia kwa kichwa kama ameelewa, akarudi kwake. Wote wakarudi kwao. Jua lilikuwa linawaka, nani akae ndani?

Na likawaka. Kesho yake, na keshokutwa. Vikombe sita viko mezani, karata zimechanganywa mpaka pembe zimelegea. Watu wanashukuru jamani, mwaka huu tumepata hali ya hewa. Ni mtu mmoja tu ziwa zima aliyesimama kwenye ngazi yake kila asubuhi na shingo ndefu, anaangalia magharibi, kunakotokea mvua.

Siku ya nne mchana, mbali huko juu ya mashamba ya ngano, akaona kitu cheusi kidogo. Akakitazama muda mrefu ajue kama kinasogea. Kinasogea.

Akaingia ndani, akabandika maji ya watu sita. Mlango akauacha wazi, akaufunga kwa kamba kwenye ndoano yake, upepo usije ukaurudisha.