Gogo Lenye Madoa

Tangu alfajiri Mwewe hakutulia. Alipanda mlingotini, akashuka kunywa maji, akapanda tena, akafuta darubini kwa pindo la shati kana kwamba kosa lilikuwa la vioo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ndiye jicho la meli ile ya kuvua jodari. Jina la Mwewe alipewa na nahodha mwenyewe, siku alipoona ndege watatu mahali ambapo wenzake wote waliona bahari tupu. Sasa jicho la kulia lilikuwa na ukungu, na la kushoto limeanza kuiga ujinga wa mwenzake. Aliyejua ni mkewe peke yake.

"Mwambie nahodha mapema," mkewe alimsihi siku ya kuondoka. Naye, na kichwa chake kigumu, akaahidi kusema safari ijayo.

Aliogopa, tuseme ukweli. Mtu ambaye sifa yake yote imo machoni, ukimshusha mlingotini utamweka wapi? Jikoni, amenye viazi?

Saa nne asubuhi ndege walianza kuzunguka upande wa kushoto. Chini yao maji yalichemka kwa samaki, na katikati palikuwa na kitu cheusi, kirefu, kimelala. Jodari hupenda kukaa chini ya kitu kinachoelea, na gogo ni zawadi kwa mvuvi. Mwewe alikaza macho mpaka yakamtoka machozi, kisha akashika redio.

"Gogo! Gogo kubwa, na samaki tele!"

Meli ikazunguka, wavu ukatupwa, waya wa chini ukavutwa mpaka wavu ukafungika kama mfuko. Hapo gogo likapiga mkia.

Alikuwa potwe, papa mrefu kama basi, mpole, mwenye madoa meupe mgongo mzima. Jodari hukaa chini yake vilevile wanavyokaa chini ya gogo, ndiyo maana zamani mabaharia walimtafuta kwa hamu. Siku hizi ni marufuku kumzungushia wavu ikiwa ameonekana kabla haujatupwa.

Nahodha alifoka, mabaharia wakazamisha kamba ya maboya upande mmoja, na potwe akapita juu yake taratibu, bila kinyongo. Nusu ya jodari wakamfuata nje. Mwewe alishuka.

Chini ya ngazi alimkuta mwangalizi, msichana wa umri wa binti yake, aliyetumwa na serikali kuandika kila kinachoingia wavuni.

"Pole na kazi, mzee. Nina swali moja tu. Ulimwona kabla wavu haujatupwa?"

Nyuma ya msichana, nahodha alitikisa kichwa kwa nguvu: kataa! Jibu la ndiyo lingeinyang'anya meli leseni.

"Sikumwona, mwanangu."

"Samaki wa ukubwa ule? Jua lote hili, na bahari imetulia?"

"Niliona kitu cheusi, nikajua gogo. Madoa sikuyaona."

"Mimi niliyaona kutoka hapa chini, wavu ulipokwisha kuzunguka. Na sina darubini."

"Naapa kwa wanangu, sikuyaona." Machozi yalimlengalenga.

Msichana aliandika, akaenda zake.

Nahodha alimrukia kwa kicheko, akampiga begani. "Wewe mzee ni balaa! Hata mimi nusura nikuamini! Machozi yale umeyatoa wapi?"

Njia ilikuwa nyeupe. Mwewe alihitaji kucheka tu, kisha apande zake juu kama shujaa. Alifungua mdomo acheke, lakini alichokuwa akikiona ni lile gogo likipiga mkia. Je, kesho angeita gogo kitu gani? Mtumbwi wenye watu ndani?

Akavua mkanda wa darubini shingoni, akamvalisha nahodha.

"Sikumwona, ndugu yangu."

"Msichana ameshaondoka, bwana! Acha kuigiza."

"Sikumwona."

Nahodha aliendelea kucheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia. Aliinua vidole vyake mbele ya uso wa Mwewe. Mwewe akasubiri swali. Nahodha akavishusha bila kuuliza ni vingapi.