Saini Yenye Mkia

Darasa letu lilikuwa na watu mia na ishirini. Somo la Maadili ya Kazi lilifundishwa mara tatu kwa wiki, saa mbili asubuhi, na waliokaa vitini hawakuzidi hamsini. Karatasi ya mahudhurio ikifika kwa mhadhiri ilikuwa na saini mia na kitu. Mhadhiri hakushtuka. Alikuwa mtu wa kusoma slaidi zake huku ameupa ukumbi mgongo, na sisi tulikuwa na Mama Rejesta.

Mama Rejesta hakuwa mama wa mtu. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na tatu, kiongozi wetu wa darasa, mwembamba, mpole kupita kiasi, anayetembea na kalamu nne zisizofanana wino. Ukishindwa kuamka ulimtumia ujumbe wa neno moja tu, "Nipo," naye alielewa kwamba haupo. Kipindi kikiisha alikaa kwenye ngazi za nyuma, karatasi gotini, akatusainia mmoja mmoja, akibadilisha kalamu na mwandiko. Mimi alinitungia saini kabisa: herufi mbili na mkia mrefu unaopinda kama wa panya. Hata siku nne nilizokwenda darasani nilimwachia asaini yeye, ili zisije zikatofautiana.

Siku nyingine zote nilikuwa kwa shemeji yangu, fundi simu, nikicheza drafti na wateja wake. Sikuwa mgonjwa, sikuwa na msiba, sikuwa na kibarua. Nasema hivyo mapema ili mtu asijisumbue kunionea huruma.

Sheria ya chuo ilikuwa fupi. Mahudhurio yakiwa chini ya asilimia sabini na tano, huingii kwenye mtihani, na usipoingia kwenye mtihani unarudia mwaka. Mlangoni mwa chumba cha mtihani pia wanalinganisha saini yako na ile ya kwenye rejesta. Msimamizi wa yote hayo alikuwa mshauri wetu wa masomo, mama wa makamo tuliyembatiza jina la Asilimia. Mlango wake ulibandikwa karatasi iliyoandikwa "Karibu tuzungumze". Ndani kulikuwa na rula ya chuma, kalamu nyekundu na kiti kimoja kibovu cha mgeni. Sijawahi kumwona mtu akitoka mle na nafuu yoyote.

Wiki mbili kabla ya mtihani wa mwisho alibandika ubaoni orodha ya waliozuiwa. Ilikuwa na mtu mmoja. Mama Rejesta, ishirini na tisa kati ya arobaini na mbili.

Tulicheka. Wa kwanza kucheka nilikuwa mimi, tena kicheko cha kushika mbavu. Mtu aliyekuwa anafika kabla ya mfagizi! Yeye alisimama pale ubaoni akihesabu kwa vidole, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka akakumbuka. Kila mara alipotusainia alijiambia yake ataiweka mwisho. Na mara nyingi, kabla hajafika kwenye mstari wake, mhadhiri alikuwa ameshamkuta ngazini na kuichukua karatasi mkononi mwake. Visanduku kumi na vitatu vitupu. Kimoja kilikuwa halali, siku aliyompeleka baba yake hospitali ya macho. Kumi na viwili vilikuwa vyetu.

Jioni hiyo aliandika kwenye kundi la darasa, akaomba watu wawili watatu waende kusema kwamba alikuwepo. Kundi lile halikuwahi kunyamaza hata siku ya mazishi ya mtu, lakini siku hiyo lilinyamaza. Nani angekwenda kusema, "Alikuwepo, alikuwa ananisainia mimi"? Kila mtu alijitia hamnazo.

Kesho yake alinifuata kwa shemeji. Alijua pa kunipata, jambo ambalo peke yake lingetosha kunitia aibu.

"Kwa nini mimi?" nilimuuliza.

"Wewe una arobaini na moja. Yule mama anaheshimu namba." Alikuwa anapinda pindo la blauzi yake. "Sema tu uliniona, kaka. Usiongeze neno. Baba ameshanishonea gauni la mahafali. Haoni vizuri, ameshona kwa kupapasa."

"Ondoa shaka, dada yangu. Niachie mimi."

Na nilimaanisha. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Siku Asilimia alipomwita alete shahidi, tulikwenda pamoja. Yeye alibaki kwenye benchi la korido, mimi nikaingia.

"Shikamoo, madamu."

"Marahaba. Keti." Asilimia alikuwa ametandaza karatasi zote za muhula mezani. "Arobaini na moja kati ya arobaini na mbili. Ningekuwa na wanafunzi kumi kama wewe ningestaafu kwa amani. Haya, tarehe tisa mwezi uliopita. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Kiongozi wenu alikaa wapi?"

"Mbele, madamu. Mstari wa kwanza."

"Tarehe tisa bomba lilipasuka, ukumbi ukajaa maji. Mlisomea maktaba, mmesimama."

Asilimia wala hakukunja uso. Alichukua rula yake akaiweka juu ya safu moja ya tarehe.

"Siku pekee uliyokosa wewe ni hii. Siku hii walikosa watu sabini. Na ndiyo siku ambayo msichana huyu alikuwa hospitali na baba yake, cheti ninacho hapa. Unafikiri mimi sijui kusoma?"

"Samahani, madamu."

"Samahani ya nini? Nisikilize vizuri. Nikiandika watu sabini, mkuu wa idara ataniuliza nilikuwa wapi muhula mzima. Nikiandika mmoja, nimefanya kazi yangu. Sasa nakuuliza kama shahidi. Tarehe tisa ulimwona, au hukumwona?"

Kupitia kioo cha mlango niliona bega la Mama Rejesta na ukosi wa blauzi yake. Nilifikiria kurudia mwaka. Nilimfikiria mama yangu, atakavyolia. Sikufikiria sana.

"Sikumwona."

Lilikuwa neno la kwanza la kweli tangu nikae kwenye kile kiti. Sikuwahi kumwona, tarehe tisa wala kumi na mbili wala kumi na tano.

Asilimia aliandika mistari miwili, akanigeuzia karatasi. "Saini. Iwe ile ile ya kwenye rejesta."

Akanisogezea rejesta karibu, nipate kuangalizia. Herufi mbili ziliingia vizuri. Mkia ukanigomea, ukatoka mfupi kama wa mbuzi. Aliichana karatasi ile bila kuninunia, akaandika upya.

"Mkia mrefu zaidi," alisema. "Taratibu. Hatuna haraka."

Mara ya pili ulitoka.

Koridoni Mama Rejesta alisimama haraka. "Umesemaje?"

"Nimekutetea."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akuzidishie, kaka yangu." Akaondoka karibu anakimbia, kwenda kumpigia baba yake simu.

Uamuzi ulibandikwa siku ya pili yake, na chini yake nakala ya ushahidi wangu, kwa sababu Asilimia alipenda mambo ya wazi. Nilifika nikamkuta Mama Rejesta ubaoni peke yake. Wenzetu walikuwa wamesimama mbali, wanasoma simu zao kwa bidii. Nilitaka kugeuka nirudi, lakini alikuwa ameshaniona.

Alikuwa ameweka kidole juu ya saini yangu. Aliupitisha mkia wote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, polepole, kama baba yake anavyokagua mshono. Nilingoja matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

"Umeanzia chini," alisema. "Mimi nilikuwa naanzia juu, kwenye herufi ya pili. Mtihanini watalinganisha. Usikosee."

Mtihanini sikukosea.