Shikamoo Iliyoshuka

Jumatatu hiyo Fausta alifika kazini matope ya kijiji cha Mofu yakiwa bado kwenye viatu vyake. Aliegesha pikipiki ya ofisi chini ya dirisha, akavua helmeti, akaingia kwenye mstari wa wafanyakazi waliosubiri mlangoni kwa mkurugenzi. Zamu yake ilipofika alikunja goti kidogo.

"Shikamoo, mkurugenzi."

"Marahaba," alijibu Obadia bila kuinua macho kwenye simu.

Fausta alikuwa na miaka hamsini na mbili, Obadia thelathini na nne. Shirika lao, lile lenye geti la bluu kwenye barabara ya Lupiro, lilitetea watoto wa bonde la Kilombero. Kazi ya Fausta ilikuwa kuwatoa watoto kwenye mashamba ya mpunga, walikowekwa kuamia na kufukuza ndege kutwa nzima huku wenzao wakiwa darasani. Kazi ya Obadia ilikuwa kusema hivyo kwenye semina.

Mambo ya shikamoo yalianza wiki ile ile aliyoletwa Obadia kutoka Dar es Salaam. Bwanaheri, dereva, mtu wa kukaribia kustaafu, alimwita "mwanangu" mbele ya wageni. Kwa Bwanaheri hilo lilikuwa neno la kumpokea mtu nyumbani. Obadia aliitisha kikao.

"Kazini hakuna umri, kuna cheo," alisema. "Kuanzia kesho shikamoo inakuja kwangu."

Mwanabaraka, mhasibu, alicheka kwa kudhani ni utani. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa nje ya geti na vitu vyake kwenye mfuko wa sandarusi. Waliobaki wakajua kwamba si utani.

"Shikamoo haivunji mfupa," Bwanaheri alimnong'oneza Fausta.

Ni kweli, haivunji. Inabeba. Shikamoo imeumbwa kupanda, kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Ukiilazimisha kushuka, inashuka kama mto wa Kilombero mwezi wa nne, na inachokikuta njiani inaondoka nacho. Hii iliondoka na miaka ya watu.

Wa kwanza alikuwa Bwanaheri mwenyewe, kwa sababu alikuwa na mingi na aliamkia kwa sauti. Mvi zilirudi kuwa nyeusi, meno aliyokwisha kung'oa yakarudi, na mavuno yalipoanza alikuwa kijana asiyefikisha umri wa leseni. Obadia alimwachisha kazi kwa kukosa sifa. Alirudi kwao Lupiro kutafuta kazi ya kwanza ya maisha yake kwa mara ya pili.

Fausta, tusidanganyane, mwanzoni alifurahia. Magoti yaliacha kuuma na presha ikashuka. Lakini siku moja alikwenda kumwona binti yake Aneth, aliyekuwa na mimba ya kwanza, na muuza mkaa akawauliza nani dada na nani mdogo wake. Aneth hakucheka.

"Mama, acha hiyo kazi."

"Nikiacha tutakula nini? Mumeo kibarua wa miwa, msimu ukiisha anakaa tu."

"Basi usipungue sana. Nikijifungua nataka unikande wewe."

Kumkanda mwanamke aliyetoka kujifungua si kumwagia mtu maji ya moto. Kuna mkono unaojua wapi pa kubonyeza tumbo na wapi pa kuacha, na mkono huo mtu huupata kwa kuzaa na kwa kukaa miaka mingi na waliozaa. Nusu ya kina mama wa mtaa ule walikuwa wamepita mikononi mwa Fausta. Alimuahidi binti yake.

Kesho yake alisimama mlangoni kwa mkurugenzi akasema, "Habari za asubuhi." Kwa adabu kabisa. Obadia alimwamuru asimame uwanjani, juani, hadi akumbuke salamu. Kisha akaandika kwenye kundi la WhatsApp la ofisi: *Wengine wamezeeka mwili tu, akili bado chekechea.* Wenzake waliipa ile sentensi vidole gumba, kila mmoja akiogopa kuwa wa mwisho. Mchana Fausta alikumbuka salamu. Aliomba likizo ya uzazi wa binti yake, akanyimwa. Aliomba kuhamishiwa ofisi ndogo ya Kiberege, akaambiwa yeye ni mzigo na mizigo haichagui gari.

Huu ulikuwa wizi, na uitwe wizi. Mwizi wa kuku hukimbizwa mtaa mzima. Huyu alifunguliwa geti kila asubuhi na kupigiwa saluti.

Obadia, kwa upande wake, alinawiri. Alipata mvi za pembeni, kisha za kichwa kizima, na kitambi cha heshima. Miaka haikumjia mitupu, ilimjia na vilivyomo. Kwenye semina alianza kusimulia mafuriko ya Mofu, jinsi maji yalivyomfika kifuani akiwa amebeba mtoto mgongoni, na wafadhili walifuta machozi. Mtoto yule alikuwa Aneth. Siku moja, katikati ya kikao cha bajeti, alishika kiuno na kuinamia meza muda mrefu. Alipoinuka alisema amekumbuka uchungu wa kuzaa. Aliutia kwenye hotuba yake ya wiki ile, akapigiwa makofi. Kuanzia siku hiyo Fausta hakukumbuka kumzaa Aneth. Alijua tu kuwa alimzaa, kama mtu anavyojua jina la babu yake.

Bodi ilikuja mara moja kwa mwaka, ikala kuku, ikaondoka. Mwaka huo mwenyekiti wake, Mama Rosemery, alitembezwa ofisini akamkuta Fausta nyuma ya meza, sketi imefungwa kwa pini, miguu haifiki sakafuni.

"Nina malalamiko juu ya mkurugenzi," alisema Fausta.

Mama Rosemery alikuwa mtu wa taratibu. Alieleza kwa upole kwamba sera ya shirika ya kulinda watoto inakataza mtoto kuhojiwa bila mlezi wake kuwepo. Akauliza mlezi wa mtoto mahali pale ni nani. Wafanyakazi walimwambia ni mkurugenzi. Basi Obadia akaitwa, akavuta kiti, akakaa karibu na Fausta na kumwekea mkono begani.

"Haya, mwanangu, sema," alisema Mama Rosemery.

Fausta alisema yote. Juani, kwenye simu, Mwanabaraka, Bwanaheri, miaka yake. Obadia alitikisa kichwa cha mvi kwa huruma. Mama Rosemery alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa," alisema. "Mzee Obadia, hili ulishughulikie."

Kisha bodi ikakaa. Iligundua kwamba shirika la kutetea watoto limemwajiri mtoto, ikaona ni aibu, ikaamua Fausta aondolewe kwenye mishahara na kuingizwa kwenye wanufaika. Alipewa daftari na sabuni, akapigwa picha ya taarifa ya mwaka. Obadia aliongezewa muhula, kwa kuwa taasisi changa inahitaji mtu mzima. Alhamisi iliyofuata Fausta alikwenda kuchukua viatu vya shule, akamkuta Obadia mlangoni, akamwamkia. Shikamoo ilipanda sawasawa, mtoto kwa mzee. Hapakuwa tena na kosa la kulalamikia.

Wiki hiyo hiyo Aneth alijifungua mtoto wa kike hospitalini, akarudishwa nyumbani. Fausta alikuwa amekwisha kuwasha moto na kubandika sufuria kubwa. Kina mama wa mtaa waliingia na khanga zao, na jirani, Mama Nelly, akaitwaa kata mkononi mwa Fausta.

"Watoto nje. Hapa tunamkanda mzazi."

"Mimi ndiye mama yake."

"Tunajua ni wewe, Fausta. Ulinikanda mimi kwa Nelly, sijasahau." Mama Nelly alimwangalia ile mikono midogo. "Lakini mtoto ni mtoto. Toka, mama."

Fausta alitoka. Mlango ulifungwa kwa komeo, akakaa kwenye ngazi. Maji ya kwanza yalipomgusa, Aneth alilia, "Mama! Mama yangu!" na wale wanawake wakamwambia alie tu, kila mzazi hulilia mama yake.

"Abee," aliitika Fausta, lakini maji yalikuwa yanamiminwa na hawakumsikia.