Simu Niliyoifungia Ijumaa Kuu

Akina mama wa parokia yetu, hasa nyinyi mlioishia darasa la nne kama mimi kisha mkaja Amerika kushona mapazia, someni hili kabla Kwaresima haijaisha. Naandika nikiwa na hasira na sina nia ya kuipoza.

Mwanangu Nelio aliomba kusomea falsafa, ile shahada ya juu kabisa inayomfanya mtu aitwe daktari, kisha awe profesa. Wifi yangu Filomena alimuuliza mezani, "Kwa hiyo ukishamaliza, watu watakuja kwako wakiumwa nini?" Nelio akamjibu kwamba watakuja wakiumwa na vichwa vyao wenyewe, na yeye shangazi atapangiwa siku nzima. Tulicheka. Lakini mimi nilijua kwamba tangu baba yake Germano afariki, mtoto huyu hakuwahi kutaka kitu kingine.

Desemba aliomba vyuo kumi na viwili. Majibu yalianza kuingia Februari. Kumi na kimoja vilimkataa, karibu vyote kwa maneno yale yale, kwamba waombaji walikuwa wengi na wazuri. Kimoja kilimweka kwenye orodha ya kusubiri, akiwa wa kwanza. Alinieleza hivi: wapo waliokwisha kubaliwa, mmoja wao akikataa, nafasi ni yake. Ila wote wanaruhusiwa kukaa kimya mpaka tarehe kumi na tano Aprili.

Kuna ukurasa kwenye mtandao ambako waombaji huandika matokeo yao bila majina. Nelio alikuwa akiusoma hata chooni. Mmoja aliandika kwamba amekubaliwa vyuo vitano, kikiwemo hicho, wala hana haraka, atajibu siku ya mwisho. Wiki sita mtu huyo alikalia viti vitano kwa makalio mawili, na hakuna aliyemwambia ainuke.

Mwaka jana tarehe kumi na tano ikaangukia Ijumaa Kuu.

Sisi watu wa visiwa vya Kireno mnatujua. Siku hiyo hakuna redio, hakuna kufagia, hakuna kushika sindano. Hapa mjini Fall River mimi niliongeza na simu: nazikusanya zote kwenye kopo la biskuti, nalifungia kabatini pamoja na cherehani, mpaka maandamano yarudi kanisani. Tena safari hii Nelio alikuwa anabeba jeneza la Bwana, lile lenye sanamu yake tunalolizungusha mitaani, kwa mara ya kwanza, mti wa mbele kushoto, mahali pa baba yake.

Alisimama mlangoni na suti nyeusi, simu mkononi.

"Mama, hii niachie. Leo ndiyo mwisho."

"Nani anafanya kazi siku aliyokufa Bwana?"

"Hao wanafanya."

"Basi hawakufundwa. Maprofesa wazima wakae ofisini Ijumaa Kuu? Lete hapa."

"Na ukiwa umekosea?"

"Nikikosea nitajibu mimi."

Akaiweka ndani ya kopo mwenyewe. Nadhani alikuwa amechoka kutumaini, akanipa kama mtu anayetua mzigo.

Tulitoka saa sita mchana. Nelio alibeba vizuri, bega halikuyumba, na Padre Eugenio alimsifu mbele ya watu. Nililia kwa furaha. Tulirudi nyumbani saa kumi na mbili jioni, nikafungua kopo hata kabla sijavua mtandio.

Wale wa chuo walikuwa wamepiga mara mbili. Barua pepe ya kwanza ilikuja saa saba na dakika arobaini: nafasi imepatikana, tunaomba jibu kabla ya saa kumi na moja. Ya pili ilimuuliza kama ameiona ya kwanza. Ya tatu ilisema wamempa anayemfuata, na wanamshukuru kwa uvumilivu wake.

Nelio alinisomea zote tatu taratibu. Kisha akakaa, akala chewa na viazi, akamaliza sahani. Angenipigia kelele ningepata nafuu.

Miezi miwili walimsubirisha. Yeye wakampa saa tatu na dakika ishirini.

Jumatatu aliwaandikia, wakajibu kwamba haiwezekani. Jumanne nikapiga simu mwenyewe kutoka kiwandani. Mwanamke wa ofisini aliniambia kwa upole kwamba wanaongea na mwombaji tu, si na mama yake.

"Mimi ndiye niliyemnyang'anya simu," nikamwambia. "Ongeeni na mimi."

Akasema, "Mama, mimi pia ni Mkatoliki. Ijumaa ile niliomba ruhusa, nikanyimwa."

Nilikuwa nimeandaa matusi ya kutosha jengo zima. Nilikata simu nikiwa nayo yote mdomoni.

Desemba iliyopita Nelio aliomba tena, vyuo tisa. Sasa tunasubiri. Simu yake inakaa mezani tukila, na akiwa kazini naishika mimi. Mnaofungia simu za watoto, waulizeni kwanza siku hiyo nani anawasubirisha, na mkijibiwa, msibishane nao kwa mambo ya kisiwani kama nilivyofanya.

Padre ameshaniita. Anasema simu kwenye maandamano ni kumvunjia Bwana heshima. Nimemwambia mwaka huu itakuwa kifuani mwangu, imewashwa, sauti juu kabisa. Ikilia, wale wanaume wanne wanaobeba watatua jeneza barabarani na mwanangu atajibu. Bwana siku hiyo haendi popote. Wale wa ofisini hufunga saa kumi na moja.