Mibuni Haina Miguu

Mchumia juani hulia juani. Kivulini hula wasiochuma. Jumatatu hiyo, saa tatu asubuhi, kivuli kilikuwa cha mwavuli, na mwavuli ulishikwa na nyapara Sadoki juu ya kichwa cha Nathanaeli, mmiliki mpya wa shamba la kahawa chini ya Mlima Meru. Sadoki alikuwa ameshagonga rimu ya lori iliyotundikwa mtini, na wachumaji mia moja na kumi na wawili walisimama mbele ya vichanja vya kuanikia, vikapu vimefungwa viunoni. Nathanaeli akasoma barua. Shamba lilikuwa la serikali, sasa ni lake. Nchi imeingia soko huria, kwa hiyo na wao wako huru. Waende kutafuta kazi popote wapendapo. Vyumba vya kambi viwe wazi ifikapo Jumamosi.

Watu wakapiga makofi. Walizoea kupiga makofi barua ikiisha.

Elinami, mama wa miaka sitini na mmoja, hakupiga. Kwa ukoo wake huu ulikuwa uhuru wa tatu. Bibi yake aliletwa na msafara, kamba shingoni. Mzungu wa kwanza wa shamba alimpa karatasi ya uhuru asubuhi, na mchana kengele ikamrudisha kwenye jembe lilelile. Mama yake aliambiwa, wakati wa Azimio, kwamba shamba sasa ni lake. Akaomba apande mgomba mmoja nyuma ya chumba, akanyimwa.

"Mwanangu," Elinami alisema, "na barua yako sina neno. Niachie ile nusu eka ya mtoni. Nimeipanda kwa mikono yangu, na mume wangu Eliud amelala pale."

"Hati haina nusu eka, mama. Hati ina shamba."

"Na mibuni yangu je?"

"Mibuni haina miguu. Itabaki."

Sadoki akacheka, kwa hiyo na wachumaji wakacheka.

Nathanaeli alizaliwa kambi hiyohiyo, mlango wa nne. Alipaswa kujua. Kambini, mtu anayepanda mche huinama na kuutajia jina lake, ili mche ujue utamwitikia nani. Hata watoto wa kambi wanalijua hilo. Lakini Nathanaeli alisomea biashara, na huko walimfundisha kutaja jina lake mbele ya watu tu.

Jumamosi Elinami alihamia mtaa wa Levolosi, mjini, na godoro, sufuria mbili na picha ya kipaimara chake. Jumapili, watu wakitoka ibada ya pili, mibuni yake mia tatu na arobaini ilichomoa mizizi, ikakung'uta udongo na kushuka mjini. Ilitembea kwa safu kama ilivyopandwa, futi nane kwa futi nane. Penye makutano ya barabara askari wa trafiki alisimamisha magari, akaikaripia kwa kutembea upande wa kushoto, kisha akairuhusu.

Mama mwenye nyumba, Ruth, alikuwa anaanua nguo.

"Hawa wageni wa nani?"

"Wangu," alisema Elinami.

"Mimi nimekupangisha chumba, sijakupangisha shamba. Wanalala?"

"Wanasimama."

"Basi wasizibe njia ya choo."

Haikuziba. Ilijipanga uchochoroni, juu ya mtaro, mbele ya kioski, hadi kwenye ukuta wa kanisa. Kufikia Jumanne ilikuwa na kahawa nyekundu, na wapangaji walikuwa wameshaanza kuanika soksi juu yake.

Nathanaeli alifika Jumatano na hati mkononi. Hakushangaa, alikuwa amekasirika tu. Shambani, kando ya mto, palibaki mashimo mia tatu na arobaini na kaburi la Eliud. Safu ya jirani, aliyoipanda marehemu mama yake Nathanaeli, haikwenda popote, kwa kuwa mama yake alizikwa palepale na haikuwa na wa kumfuata.

"Umeniibia," alisema.

"Shikamoo yangu iko wapi? Kitovu chako nilikikata mimi, kwa wembe wa kuazima."

"Nitakushtaki, mama."

"Marahaba," alisema Elinami.

Baraza la kata lilikaa Alhamisi, mwenyekiti akiwa mzee Abdiel. Mibuni ilisubiri nje, ikachungulia dirishani. Abdiel alisoma hati mara mbili, akiifuatisha kwa kidole. Hati ilisema ardhi na vyote vilivyomea juu yake. Akaamua kwamba mibuni ni mali ya Nathanaeli, akatoka nje na kuiamuru irudi. Haikusogea. Akarudia kwa Kimeru. Haikusogea. Akarudi kitini na kuomba chai.

"Inamfuata huyu mama," alisema baada ya chai. "Basi mama arudi shambani, akae kambini, chumba chake cha zamani. Na asitoke bila kibali cha mwenye shamba, maana yeye akitoka, mali ya mtu inatoka."

"Nimefungwa?" Elinami aliuliza.

"Nani kasema umefungwa? Wewe ni mtu huru. Karani, andika hapo: mtu huru."

Karani akaandika.

"Na nusu eka yangu?"

"Hiyo haimo kwenye shauri la leo. Lipo jambo moja tu limebaki. Umemsumbua bwana huyu. Mpelekee isale."

Jani la isale ndilo msamaha wa watu wa mlimani. Anayekabidhiwa hawezi kukataa kusamehe, hata kama kauawa ndugu yake. Nathanaeli akaketi vizuri na kusema yuko tayari kusamehe.

Elinami alirudi kwa miguu, godoro kichwani, mibuni nyuma yake. Walipofika mtoni kila mbuni uliingia shimo lake. Kesho yake Sadoki aligonga rimu, na wachumaji walewale wakaja, sasa vibarua wa kutwa. Nathanaeli alikuwa amesimama pale vichanjani, chini ya mwavuli wake, mkono mmoja ameuweka wazi kabisa kwa ajili ya kupokea.

Sadoki alimjongelea Elinami na jani la kijani, refu, limefungwa fundo kama inavyotakiwa.

"Nimekukatia mwenyewe, mama. Mpe tu, yaishe. Ana haraka, anakwenda mjini kununua mashine."

"Umelikata wapi?"

"Si pale mtoni. Kuna masale manne mazuri."

Yalikuwa yale ya kaburi la Eliud, moja kila pembe. Elinami alilipokea jani. Akashuka hadi mtoni, wachumaji wote wakimtazama, akafungua fundo, akapiga magoti, akalichomeka kwenye udongo kando ya shina lililokatwa na kulitajia jina la Eliud. Lilishika mizizi hapohapo. Akarudi, akafunga kikapu kiunoni, akasimama mbele ya mwavuli.

"Jani liko wapi?" Nathanaeli aliuliza, mkono bado uko wazi.

"Liko kwa mwenyewe. Nipangie safu, nianze kuchuma. Radhi siombi."