Faili la Privatus

Majaribio ya programu yaligoma tena. Kokushubira alisoma ujumbe kwenye kioo cha kompyuta: Python, lugha iliyoandikiwa programu hiyo, ilishindwa kuleta hesabu ya uzito kutoka faili la samaki. Lakini hesabu hiyo ilikuwepo. Asubuhi alikuwa ameifungua na kuikagua mstari kwa mstari.

Programu hiyo ya kukadiria samaki wa ziwa ilianzishwa na Privatus, aliyemfundisha kazi katika ofisi ya mradi pale Nyegezi. Sasa Privatus alikuwa hoi kwa maradhi, amelala nyumbani kwake Mkuyuni. Wafadhili walikuwa wanakuja kesho yake, na mkuu wa ofisi, Revocatus, alikwisha sema kwamba programu isipofanya kazi, mradi utafungwa.

Mchana akagundua. Mafaili yenye jina la samaki yalikuwa mawili. Moja lilikuwa mahali pake. Jingine lilikaa kwenye folda ya majaribio, na hilo ndilo Python ililoliona kwanza. Tarehe yake ilionyesha liliandikwa siku ile ya mwisho Privatus alipojikongoja kuja ofisini, akakataa kusaidiwa, akaketi peke yake hadi jioni.

Kokushubira akalifungua. Hesabu ya urefu ilikuwa imeandikwa kwa unadhifu wake ule ule. Chini yake ilikuwepo hesabu ya urefu, tena. Kisha tena. Ya uzito haikuwepo.

Akalifuta faili hilo, pamoja na nakala ambayo Python hujitengenezea yenyewe. Akarudia majaribio. Yote yakapita. Revocatus alimpongeza, akamruhusu aondoke mapema, naye akashika njia ya Mkuyuni.

Alimkuta Odeta, mke wa Privatus, akimnywesha mumewe uji.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Majaribio yanakwendaje?"

"Yanapita, kaka."

Privatus alifikiri kidogo, uji ukimtiririka kidevuni. Odeta akamfuta kwa kanga.

"Lile faili langu bado," alisema. "Imebaki hesabu ya uzito. Ninayo kichwani. Usiliguse, nakuja kesho kulimalizia."

Kokushubira akaitikia kwa kichwa. "Sitaligusa."

Privatus akaridhika, akamwomba mkewe amnyooshee lile shati jeupe la kazini. Odeta alimtazama Kokushubira. Kokushubira akatazama sakafu. Kisha Odeta akaweka kikombe chini, akatoka uani, akaanza kupuliza makaa ya pasi.