Mpaka wa Sanga Niliouchora Mwenyewe

Kijijini kwetu Sanga, wafu ni maarufu kuliko wazima. Wale wa zamani, waliozikwa na vyungu na misalaba midogo ya shaba, wameandikwa katika vitabu vinene, na vyungu vyao vimepanda ndege kabla yetu sote. Sisi wazima tunavua samaki katika Ziwa Kisale, hatuandikwi popote. Kwa hiyo serikali iliposema sasa nchi itaishi kwa utalii, na kila mkoa ulete vivutio vyake, nilisema: haya, wafu na watulishe kidogo.

Mimi ni Kabange. Wakati huo nilikuwa nimehamia Kamina na kushindwa mambo matatu. Mafuta ya mawese yalinishinda, yalimwagika na lori. Ufundi wa redio ulinishinda. Ukatekista nao ulinishinda kwa sababu watoto walikuwa wanacheka hata kwenye sala ya toba. Ofisi ya utalii ya mkoa ilikuwa inatafuta mtu wa kuandaa faili la Sanga, mtu anayejua njia na lugha. Nikajitokeza. Hakuna mwingine aliyejitokeza, basi nikawa mtaalamu.

Fomu kutoka Kinshasa ilidai eneo lisilopungua hekta arobaini. Chini ya hapo, kijiji hakiingii kwenye orodha ya taifa. Nilifunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu la baiskeli, nikazunguka kijiji huku nikihesabu mizunguko ya gurudumu. Pale wataalamu walipochimba zamani ni padogo. Upande mmoja kuna nyumba, upande wa pili maji. Njia ya kupata hekta ilikuwa moja tu, kupanda na kuyameza makaburi yetu ya leo, wanamolala babu, bibi, na Kyungu, pacha wangu, aliyekufa tukiwa na miezi minne. Nikayameza. Nilijiambia wafu ni wafu, hakuna mtalii atakayewaomba cheti cha kuzaliwa. Nikachora mpaka kwa kalamu ya wino, mstari mzuri kabisa.

Kisha nilikusanya watu wote, nikawasomea. Ndani ya mpaka ni marufuku kulima, kujenga, kuchimba, au kuondoa kitu. Mjomba wangu Kaumba, kaka wa mama yangu, alisimama.

"Kuchimba njo nini? Hata shimo ya kuzika muntu?"

Sikujua jibu. Na mimi nisipojua jibu, ulimi unakimbilia mzaha.

"Mujomba, weye unapanga kufa lini? Utuambie mapema, tutapatana na serikali."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mjomba naye alicheka. Wakapanga mstari, wakatia dole gumba kwenye wino, mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho alikuwa yeye.

Faili lilipita. Sanga iliingia kwenye orodha. Tulipata ubao wenye rangi tatu, na mlinzi mmoja, binamu yangu Mbayo, aliyepewa kofia. Ndiyo kazi pekee ambayo utalii uliizaa kwetu.

Watalii? Alikuja mmoja. Mzee mpole mwenye kofia ya majani, alifika Kamina kwa treni iliyochelewa siku nne. Nilikuwa nimejenga chumba cha wageni nyuma ya nyumba yangu, nikampokea kama askofu. Siku ya kwanza tulikwenda kuomba karatasi ya kukaa. Siku ya pili, karatasi ya kutembea. Siku ya tatu, karatasi ya kupiga picha, ambayo haikutolewa kwa sababu ile ya kutembea ilikosa muhuri. Siku ya nne alipiga picha mbuzi karibu na kituo cha treni, wakamnyang'anya kamera. Mama yangu, niliyekuwa nimemleta Kamina kwa sababu ya kifua chake, alimpikia bukari, ugali wetu, na samaki mkavu kila siku, akimhurumia. "Ule muzee banamutesa juu ya mbuzi," alisema. Mzee yule hakuliona ziwa. Aliondoka akinishukuru kwa mikono miwili, na hapo ndipo niliposikia aibu zaidi.

Baada yake chumba kilibaki kitupu, mama akahamia humo. Kilikuwa na dirisha kubwa, nililiweka kwa ajili ya wageni.

Mwezi wa pili mwaka huu kifua kilimzidi. Aliniita asubuhi moja, jua limeingia mpaka kitandani.

"Kabange, uniweke pembeni ya Kyungu."

"Mama, kule sasa iko musée, makumbusho ya serikali. Batakuweka mu kioo."

"Baniweke mu kioo. Bazungu bakuye baone mwanamuke muzuri." Akacheka, akakohoa, nikamshika mgongo. Kisha akaacha kucheka. "Minyi nasema kweli. Weye nilikubeba miaka makumi tano na kitu. Ule mwingine nilimubeba miezi ine tu. Sasa iko zamu yake."

Nikasema eyo vidye, ndiyo yetu ya Kiluba, ile ambayo ukishaitoa mbele ya mkubwa hairudi. Nilijua kuhusu mpaka. Niliisema hata hivyo, kwa sababu nilidhani mtu aliyechora mstari anaweza kuufuta.

Alifariki siku ya Jumatatu mchana. Mjomba Kaumba alifika Jumatano, kwa baiskeli mpaka Kabondo-Dianda, kutoka hapo juu ya lori la mahindi. Vumbi lilikuwa limempaka mpaka kope. Hakukaa. Alitaka kuona sanduku, aulize lori la kurudi ni lipi.

"Mujomba, kwanza tupite ofisi," nilisema.

"Ofisi? Dada yangu amekufa, si amepotea."

Chumba cha maiti kilikuwa kimetupa mpaka Ijumaa, umeme ulikuwa unakuja na kuondoka. Tukaenda ofisini na vumbi lake.

Mkuu wa ofisi ni Madame Valérie, mwanamke wa familia za reli, mtu mwema. Nasema mwema kwa sababu ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angekuwa shetani. Alisimama, akatupa pole, akamletea mjomba kiti chake mwenyewe. Ukutani nyuma yake kulikuwa na ramani ya Sanga, ile yangu, lakini Kinshasa walikuwa wameichora upya kwa rangi. Mpaka wangu ulikuwa mwekundu na mnene.

Nilieleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Papa Kabange, unajua minyi siwezi."

"Shimo moja tu, Madame. Mama ya mapasa. Anataka kulala na mutoto yake."

"Siwezi. Ruhusa ya kuchimba mule inatoka Kinshasa. Iko tume, inakaa mara mbili kwa mwaka."

"Itakaa lini?"

"Ilikaa mwezi uliopita."

Mjomba Kaumba alisimama, akaenda mpaka kwenye ramani. Hajui kusoma, lakini ziwa alilijua mara moja. Aliweka kidole chake kwenye pembe ya juu.

"Makaburi njo hii?"

"Njo hiyo, papa."

"Basi kata hii kipande. Kalamu iko pale, naiona. Kata, sisi tuende."

Madame Valérie hakucheka. "Papa, nikikata, zinabaki hekta makumi tatu. Sanga inatoka mu liste."

"Itoke. Hiyo liste inatupatia nini? Inatupatia Mbayo na kofia."

"Hata kuitoa, papa, njo ile tume."

Mjomba alinitazama. Nilitazama sakafu, ilikuwa safi.

"Kijiji kilipewa makaburi mapya," alisema Madame Valérie kwa sauti ndogo. "Kule chini, ku bonde. Kule hamuhitaji ruhusa."

"Mama, weye ulifika ku bonde?" mjomba alimwuliza.

"Sijafika."

"Maji ya mwaka uliopita ilipanda. Muvuvi mumoja, Béni, alivuta nyavu yake, nzito, akaita wenzake, akasema leo tumepata. Ilikuwa sanduku ya mama Muteba." Mjomba alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Dada yangu siwezi kumuweka mu nyavu ya bantu."

Nje mtu alikuwa anapiga honi ya pikipiki, anaita abiria.

Nikajaribu la mwisho. Nilikuwa nimelifikiria usiku kucha na nililionea fahari kidogo. "Madame, basi tumutoe Kyungu. Tumulete Kamina, tubazike pamoja. Mutoto ya miezi ine, mifupa yake itajaa mu kikapo tu."

Alifungua faili, akaligeuza kuelekea kwangu. Sikuwa na haja ya kusoma, sentensi ile niliiandika mimi. Kuondoa kitu chochote kutoka ardhini: kosa kubwa kuliko kuchimba.

"Pole," alisema. "Njo weye uliandika muzuri hivi. Minyi niliisifu hii faili mbele ya bakubwa."

Tulitoka. Barabarani mjomba alitembea mbele, akasimama chini ya ukuta wa shule palipokuwa na kivuli.

"Tumupeleke tu. Tufike mchana kama bantu, tuchimbe, tumuzike. Nani atasema?"

"Mbayo atasema."

"Mbayo iko mutoto yetu."

"Alisema ya muzee Mwanza."

Mzee Mwanza alizikwa ndani ya mpaka mwaka jana. Mbayo alitoa taarifa huku analia, kwa sababu asingeitoa angevuliwa kofia na kufungwa. Walikuja watu wenye sare, wakawasimamia watoto wa Mwanza wamfukue baba yao kwa mikono yao, siku ya nane. Mimi nilikuwa Kamina. Niliposimuliwa nilisema kwamba Mwanza hata akiwa mzima alikuwa hakai mahali pamoja. Nilisema hivyo.

"Hapana," alisema mjomba hatimaye. "Dada yangu hatafukuliwa."

"Basi Kamina."

"Basi Kamina," alisema, kama mtu anayerudia jina la mji asioujua.

Tulimzika Ijumaa, saa nne asubuhi, katika makaburi ya mji. Walitupa nafasi kati ya fundi mmoja wa treni aliyetoka Kasai na shimo tupu lililokuwa linamsubiri mtu mwingine. Walikuja majirani, watu wa reli, wema, wamevaa nguo nzuri, na katekista na kitabu chake.

Sasa, kwetu mama wa mapacha hazikwi kwa machozi. Machozi yanawakasirisha mapacha. Anazikwa kwa matusi. Wanawake waliozaa mapacha wanaanza, wanamwimbia maneno ya aibu, tumbo lako kubwa, ulizaa kama mbwa, ulimaliza unga wa kijiji, na watu wanajibu na kucheka mpaka udongo unajaa. Pacha aliye hai ndiye anayejibu kwa nguvu zaidi. Ni kazi yake. Kama kuna mtu duniani aliyezaliwa kwa kazi hiyo, ni mimi.

Pale Kamina hapakuwa na wanawake hao. Wako kando ya ziwa. Mjomba Kaumba aliweka kofia yake chini, akaanza peke yake, mwanamume na sauti ya mzee, wimbo wa wanawake. Aliimba tusi la kwanza. Majirani walishtuka. Nilisikia mama mmoja akimwuliza mwenzake, "Ule muzee amelewa?" Aliimba tusi la pili, akageuka kwangu, akaacha nafasi ninayotakiwa kujibu.

Nilifungua mdomo. Maneno niliyajua yote, nimeyaimba kwenye mazishi ya watu wengine nikishikilia mbavu. Hayakuja. Nilikuwa nafikiria tu kwamba Kyungu anasubiri upande wa kushoto, ule mwanya waliomwachia mama kwa miaka hamsini, na kwamba mimi ndiye niliyepita pale na gurudumu.

Mjomba aliimba tusi lile mara ya pili, polepole, kama unavyomrudishia mtoto somo. Akangoja.

Katekista alidhani tumemaliza. Akaanza Salamu Maria, na wote wakaipokea kwa furaha ya watu waliopata kitu wanachokijua. Mjomba aliokota kofia yake. Hakuitika sala, hakurusha udongo. Udongo wa pale, aliniambia baadaye, hakuwa na jambo la kuuambia.

Mchana huohuo nilimsindikiza mahali malori ya Kabondo-Dianda yanapopakia. Nilimbebea mfuko wake. Alikaa juu ya gunia, nikakaa kando yake.

"Bataniuliza iko wapi," alisema. "Bibi zako bote bamekaa banangoja sanduku. Banatwanga unga tangu Jumanne."

"Useme minyi niliharibu."

"Nitasema hivyo."

"Nitakuya Sanga niombe musamaha."

"Usikuye kwanza."

"Mpaka lini, mujomba?"

Alifikiri. Nilitegemea atasema mpaka mvua, mpaka matanga yaishe, kitu chenye tarehe.

"Sijue," alisema. "Usikuye tu."

Lori halikuwa limejaa. Dereva alisema anangoja magunia sita ya chumvi. Tulikaa pale saa mbili nzima, bega kwa bega. Magunia yalipofika nilisaidia kuyapandisha, kisha nikampandisha na yeye.